Kupumzika Bila Kuacha Kanisa: Mwongozo kwa Mkristo Aliyechoka

Jumatano moja jioni jumuiya yetu ilikutana nyumbani kwa mama mmoja hapa Pasua. Neno lilikuwa limeshasomwa, sadaka imekusanywa, chai iko mezani. Mzee wa jumuiya akasema, "Mama katibu atufungie kwa sala." Nikasimama, nikafumba macho, nikaanza: "Ndugu wajumbe, akidi imetimia, naomba kufungua kikao."

Watu walicheka mpaka chai ikapoa. Nami nilicheka nao. Njiani kurudi nyumbani nikalia gizani, kwa sababu nilijua jambo ambalo wao hawakulijua: tangu Pasaka nilikuwa sijasali sala yangu mwenyewe, na sasa ilikuwa mwezi wa nane. Nilikuwa nimefungua vikao kwa sala, nimeombea chakula cha harusi, nimeongoza maombi ya wagonjwa. Ila kukaa mimi na Mungu, bila ajenda, hapana.

Mimi si mchungaji wala mwinjilisti. Ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, nashona sare za shule, na sare za kwaya zikipatikana. Ninayoandika hapa nimeyajaribu mwenyewe, mengine yakanishinda mara mbili kabla ya kukubali. Yanamhusu Mkristo ambaye hajapoa kiimani hata kidogo, tena yupo kila mahali kanisani, lakini ndani amekauka. Mtu wa namna hiyo akishauriwa "ongeza maombi" anaongezewa mzigo. Kwa hiyo maombi nimeyaweka hatua ya tano. Sikusahau mpangilio, nimefanya makusudi.

Hatua ya 1: Andika wiki yako ilivyo

Chukua daftari, la shule tu linatosha. Kwa wiki moja andika kila kitu ulichofanya nje ya kazi ya mkate na kazi ya nyumbani, pamoja na saa zake. Usirekebishe kitu. Yangu ilikuwa hivi: Jumatatu kamati ya ujenzi, saa mbili. Jumanne mazoezi ya kwaya, saa mbili. Jumatano jumuiya, saa mbili. Alhamisi mazoezi tena, saa mbili. Jumamosi msiba au harusi, saa sita ukihesabu barabara, halafu mazoezi ya mwisho saa mbili. Jumapili nimefika kanisani saa 1 asubuhi, nimetoka saa 8 mchana, kwa sababu kwaya inaimba ibada zote mbili na baada yake kuna kikao kifupi ambacho hakijawahi kuwa kifupi. Jumla saa 23. Hapo sijahesabu magrupu ya WhatsApp.

Sasa weka alama pembeni ya kila mstari. M, kama kazi hiyo ni mimi tu ninayeweza kuifanya. W, kama mwingine anaweza. A, kama naenda kwa sababu naona aibu kutokwenda. Uwe mkweli, hakuna atakayeliona daftari. Mimi nilipata M mbili tu, W nyingi, na A nyingi kuliko nilivyopenda.

Hatua ya 2: Lala

Ukisoma 1 Wafalme 19 taratibu utaona kitu cha ajabu. Eliya amemkimbia Yezebeli, amekaa chini ya mretemu, anaomba afe. Nabii mzima, ametoka kuushusha moto Karmeli! Mungu angeweza kumhubiria. Badala yake malaika anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili: inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako. Swali la "unafanya nini hapa?" halikuja mpaka siku arobaini baadaye, huko Horebu. Usingizi na chakula vilitangulia mazungumzo.

Sisi hufanya kinyume. Mtu amelala saa 6 usiku akimalizia kushona, saa 11 alfajiri yuko kwenye maombi ya asubuhi, anasinzia akiwa amepiga magoti, halafu anajilaumu kwamba shetani anamzuia kuomba. Mama, shetani hayumo humo. Hujalala.

Walutheri wenzangu mtakumbuka Katekisimo Ndogo tuliyokariri wakati wa Kipaimara. Luther aliiandika mwaka 1529, na ndani yake kuna sala ya jioni. Sala ile tuliishika wote, lakini maelekezo yanayofuata hatuyatilii maanani: ukishaomba, basi nenda ukalale mara moja, kwa furaha. Zaburi ya 127 nayo inasema kazi ni bure kwa wanaoamka mapema na kukawia kulala, maana Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Kulala kumo ndani ya imani. Unapolala unakiri kwamba dunia ina mwenyewe, na kwamba usiku huu itaendeshwa bila wewe.

Utekelezaji wake ni huu. Kwa wiki tatu mfululizo, lala kabla ya saa 4 usiku. Simu ilale jikoni, si chini ya mto. Kama unaitegemea kukuamsha, nunua saa ya mezani, sokoni hazikosekani na si ghali. Kama una ibada ya alfajiri ambayo ni lazima uhudhurie, rudisha muda ule mchana: nusu saa baada ya chakula, mlango umefungwa. Wiki hizi tatu usijaribu kitu kingine chochote cha kiroho zaidi ya Baba Yetu asubuhi na jioni. Nilipomwambia hivyo rafiki yangu mmoja akaniuliza kama nimeacha wokovu. Wiki ya pili akanipigia simu, sauti yake ni ya mtu mwingine.

Wenye watoto wachanga mtaniona natania. Sitanii. Kwenu hatua hii itaonekana hivi: usiku mmoja kwa wiki, mama yako, dada yako au baba mtoto anamshika mtoto, nawe unalala chumba kingine. Usiku mmoja tu. Omba msaada huo kwa jina lake, usisubiri watu wakisie.

Hatua ya 3: Kabidhi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hurudi nyuma.

Yethro alipokwenda kumtembelea mkwewe jangwani alimkuta Musa ameketi peke yake, watu wamemzunguka tangu asubuhi hata jioni. Hakumsifu kwa kujitoa. Alimwambia jambo hili si jema, utadhoofika wewe na watu hawa pia. Nawaomba muangalie maneno ya mwisho: na watu hawa pia. Mtumishi aliyechoka huchosha anaowatumikia. Nilipokuwa katibu aliyechoka niliwafokea watoto wa kwaya ya vijana kwa kuchelewa dakika kumi, na wawili hawakurudi. Ndipo Yethro akamwonyesha namna ya kuweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Kwa lugha ya huku kwetu, akamfundisha kuunda mitaa na jumuiya.

Rudi kwenye daftari. Chagua utumishi mmoja, ule wenye M, ubaki nao. Mwingine wote wenye W utakabidhiwa, mmoja baada ya mwingine, si yote kwa siku moja. Ukiacha yote kwa mkupuo watu watadhani umekwazika, wataunda ujumbe wa kuja kukupatanisha na mtu ambaye hamkugombana.

Namna ya kusema ni muhimu kuliko sababu. Ukimwambia mchungaji "nimechoka", atakuhurumia, ataweka mkono kichwani pako, atakuombea nguvu mpya, na Jumanne utakutwa kwenye mazoezi. Nenda na tarehe na jina. Mimi nilisema hivi:

"Mchungaji, shikamoo. Nimetumika ukatibu wa kwaya miaka sita, namshukuru Mungu na usharika. Naomba kukabidhi tarehe 31 ya mwezi wa tatu. Nimeshazungumza na dada mmoja wa sauti ya pili, yuko tayari ninyi mkikubali. Nitakaa naye mwezi mmoja nimwelekeze. Baada ya hapo nitabaki kuimba tu."

Alinyamaza muda. Nikatamani kuongeza maneno, nikajizuia. Kimya kikiingia usikijaze, maana utajaza kwa ahadi. Mwisho akasema, "Sawa, mama. Ulete barua." Nilikuwa nayo kwenye mkoba.

Kukabidhi kuwe kwa vitu, si kwa maneno tu. Nilitoa daftari la mahudhurio, faili la barua, ufunguo wa kabati la sare, na orodha ya nani anadaiwa nini. Na kitu cha mwisho kilichoniuma kuliko vyote: nikatoka kwenye grupu la uongozi. Ukibaki humo "kusaidia tu" utakuwa katibu bila cheo. Katibu mpya akifanya tofauti na wewe, nyamaza. Alibadilisha mpangilio wa sare kwenye kabati, za sopurano akaziweka chini. Niliumwa na jambo hilo wiki nzima, ndipo nikajua kabati lile lilikuwa limekaa mahali fulani moyoni mwangu ambapo halikustahili kukaa.

Eliya naye aliambiwa akampake mafuta Elisha, na kwamba wako elfu saba Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti. Alikuwa ameshamwambia Mungu mara mbili kwamba amesalia yeye peke yake.

Halafu kuna yale yenye alama A. Kwa sisi wa Kilimanjaro, A kubwa ni misiba. Mtu wetu akifia Dar es Salaam, Mwanza au wapi, atarudishwa azikwe kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na Jumamosi ndiyo siku. Ukiwa na jamaa wengi na usharika mkubwa unaweza kupanda mlimani Jumamosi tatu kwa mwezi. Sisemi tuache kuzika watu. Nilijiwekea mpaka: maziko ni kwa damu yangu, kwa jirani wa ukuta mmoja na kwa mwanajumuiya mwenzangu. Wengine wote natuma rambirambi siku ile ile, halafu naenda nyumbani kwao jioni ya katikati ya wiki, baada ya matanga, naketi nao nusu saa. Mama mmoja mjane aliniambia yeye anakumbuka waliokuja wiki ya pili, kwa sababu siku ya maziko hakumwona mtu, aliona umati.

Harusi ni rahisi zaidi: toa mchango wako, lakini usikubali kuingia kwenye kamati. Kamati ya watu thelathini haitaanguka kwa kukukosa wewe.

Hatua ya 4: Siku yenye mpaka

Sihukumu mabishano ya siku. Sisi na Wakatoliki tunaiita amri ya tatu, wengine wanaiita ya nne, na Wasabato wanashika Jumamosi. Ila katika kujiandaa, Wasabato wametuacha mbali. Ijumaa kwao ni maandalio: nguo zimepigwa pasi, chakula kimepikwa, nyumba imefagiwa kabla jua halijazama. Sisi Jumapili saa 8 mchana ndiyo tunawasha jiko la mkaa.

Mimi siku yangu huanza Jumapili saa 4 asubuhi, nikitoka ibada ya kwanza, hadi usiku. Naimba ibada moja tu siku hizi. Na sikai mnadani. Wale wasiojua: watu huleta sadaka za mazao, mkungu wa ndizi, kuku, mayai, na baada ya ibada vinanadiwa nje. Mtu ananunua mkungu kwa bei ya juu, anaurudisha unadiwe tena, kila mtu anafurahi, na saa moja na nusu imekwenda. Ni raha kweli. Nimeiacha kwa huzuni, naenda mara moja kwa mwezi.

Kama wewe ni mchungaji, mwinjilisti, muuguzi wa zamu, dereva au una duka la dawa, Jumapili haitakuwa yako. Chagua nyingine, hata nusu siku, lakini iwe ile ile kila wiki, na watu wa nyumbani waijue. Pumziko linalongoja nafasi ipatikane halifiki.

Weka mpaka wa vitu vitatu: siku hiyo sinunui wala siuzi, sijibu magrupu, sishoni. Hicho cha tatu badala yake weka kazi yako. Mwalimu asisahihishe madaftari. Vingine viache huru. Ukitaka kulala, lala, ukitaka kutembea, tembea, na kama bustani inakufurahisha, shika jembe dogo. Bwana Yesu alisema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, kwa hiyo usijitengenezee orodha ya makatazo marefu kisha ukachoka kuilinda.

Sasa niseme jambo ambalo halisemwi. Katika nyumba nyingi, pumziko la Jumapili la baba ni kazi ya mama, na pumziko la mama ni kazi ya dada wa kazi. Soma Kumbukumbu la Torati 5:14. Amri inamtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni, na inaongeza sababu: mtumwa wako na mjakazi wako wapate kupumzika vile vile kama wewe. Aya inayofuata inawakumbusha kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Nilipoisoma nikamtazama binti aliyekuwa akiosha vyombo nyumbani kwangu, Jumapili saa 9 alasiri, wakati mimi "nimepumzika katika Bwana" kwenye kochi. Wiki hiyo tulipanga upya. Jumapili sasa ni yake, nzima, na mshahara haukatwi. Vyombo vinaoshwa na kijana wangu wa darasa la saba, kwa manung'uniko, lakini vinaoshwa.

Wageni je? Wachaga hatufukuzi mgeni, na sikushauri uanze wewe. Mgeni wa Jumapili hula kilichopo. Ukiweka sufuria ya makande ya jana mezani bila kuomba radhi, hakuna atakayekufa, na baadhi watakuja kukuuliza umepataje ujasiri huo.

Itavurugika. Katika Marko 6 Yesu anawaambia wanafunzi waende mahali pasipo watu wapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wakija na kwenda hata hawakupata nafasi ya kula. Wakapanda chombo. Watu wakakimbia kwa miguu wakawatangulia! Likizo ikageuka kuwa kulisha watu elfu tano. Ila endelea kusoma hadi aya ya 46: jioni ile ile, ameshawaaga watu, akaenda mlimani kuomba. Mpango ulivunjika mchana, akaurudia usiku. Jumapili yako ikiliwa na mgonjwa wa ghafla, irudishe Jumatatu jioni, hata saa mbili tu.

Hatua ya 5: Dakika ishirini za kimya

Sasa unaweza kuomba. Umelala, umepunguza, una siku.

Mimi naketi saa 12 asubuhi kwenye kigoda kando ya dirisha la nyuma. Saa hizo mlima huwa wazi. Wakaao Moshi wanajua: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana alfajiri, na jua likipanda wingu linashuka, mtu akiamka saa 4 anaambiwa mlima upo, aamini tu. Kwa dakika chache nautazama bila kusema kitu. Kisha nasoma zaburi moja kwa sauti ya chini, ile ile kwa wiki nzima. Kwa kuanzia nashauri ya 131, ina aya tatu tu, na ndani yake nafsi imetulizwa kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Mtoto aliyeachishwa hatafuti maziwa tena. Amekaa tu kwa sababu ni mama.

Wiki ya pili chukua ya 23, na ukae kwenye neno "hunilaza". Mchungaji ndiye anayemlaza kondoo, na mwenye wana mbuzi nyumbani anajua si kila mara mnyama hukubali kulala.

Baada ya kusoma, kaa. Mawazo yatakuja: ada, kitambaa kilichokosewa kukatwa, umeme wa luku. Weka karatasi pembeni, andika neno moja, "luku", urudi. Usipigane nayo. Siku za kwanza nilijaza karatasi nzima, nikadhani nimeshindwa. Mwezi wa pili yalikuwa mistari miwili mitatu. Ukisinzia, sawa, Mungu amekwisha kuona watu wamelala. Dakika ishirini zikiisha, sema Baba Yetu polepole kama mtu anayesoma barua, uondoke.

Usipeleke mahitaji ya watu hapa. Maombezi yana wakati wake, mimi hufanya nikiwa nakanyaga cherehani. Hizi ishirini ni za kukaa.

Hatua ya 6: Siku ya mafungo, mara moja kwa miezi mitatu

Neno mafungo, yaani kujitenga ili kutulia na Mungu, wengi hudhani ni la Wakatoliki, kama wanavyodhani masista ni wa Wakatoliki peke yao. Lakini hapa Moshi kuna masista wa Kilutheri, wa Ushirika wa Neema, na mafungo ni ya yeyote mwenye roho ya kuchoka. Nyumba za watawa zikiombwa mapema kwa heshima mara nyingi hukupa hata kona ya kukaa. Piga simu kwanza, usitokee tu getini.

Bila nyumba ya watawa pia inawezekana. Msitu wa Rau uko karibu na mji, na una mivule mikubwa ambayo ukisimama chini yake unashusha sauti bila kuambiwa. Hapo utalipia kiingilio, na usiende peke yako: nendeni wawili, mkubaliane kukaa mbalimbali mnapoonana na kutozungumza mpaka chakula cha mchana. Chemka, chemchemi ya kule Hai, maji ni mazuri mno, ila mwisho wa wiki kuna muziki na nyama choma. Ukitaka kwenda huko kutulia nenda katikati ya wiki asubuhi, la sivyo utarudi umefurahi lakini hujatulia, na hayo ni mambo mawili. Hata kanisa lenu lenyewe, Jumanne saa 5 asubuhi, ni tupu na lina viti. Mwombe mtunza ufunguo.

Mimi nakwenda Old Moshi, kihambani kwa wakwe zangu. Natoka saa 1 asubuhi, nimebeba Biblia ya karatasi, daftari, kanga ya kutandika, maji, ndizi mbivu na mwavuli, maana mlimani mvua haina ratiba. Simu naizima, mume wangu anajua niko wapi na saa ngapi nitarudi. Mama mkwe namsalimu, nakunywa uji wake, naomba ruhusa niketi migombani. Mwanzoni aliniuliza kama nimegombana na mwanawe.

Kitu nilichojifunza kule hakikutoka kwenye Biblia, kilitoka kwenye maji. Mfongo wao, mfereji wa kumwagilia, unatoka mtoni juu, unapita kwa zamu, kila ukoo na siku yake. Maji yenyewe ni kidogo, ukiyaacha yatiririke tu yanaishia njiani, shamba la chini halipati kitu. Kwa hiyo jioni baba mkwe huziba nduwa, bwawa dogo la udongo, kwa gogo la mgomba, majani na tope, anashindilia kwa kisigino. Usiku kucha maji yanaingia, hayatoki. Asubuhi anavuta gogo, na maji yale yale machache yanashuka kwa nguvu mpaka migomba ya mwisho. Niliketi pale nikamtazama akiziba. Hakuongeza hata tone, alifunga tu mlango wa kutokea.

Saa za siku ya mafungo zigawe hivi, kwa kadiri: asubuhi lala au tembea, usisome kitu. Kabla ya mchana soma sura moja ndefu, mara mbili. Kula. Alasiri andika kwenye daftari majibu ya maswali mawili: nini kimenikausha tangu mara ya mwisho, na nini kimeninywesha. Kabla ya kuondoka andika tarehe ya mafungo yajayo. Saa za kwanza zitakuwa ngumu. Nilipokwenda mara ya kwanza nilishikwa na hasira ya mambo ya mwaka juzi, kisha nikalala usingizi mzito juu ya kanga mpaka kuku akanipanda mguuni. Ndivyo ilivyo kwa wengi.

Na likizo ya Desemba isihesabiwe. Mjini kunakuwa kweupe, kila Mchaga amepanda nyumbani, kuna vikao vya ukoo, mbuzi, ubatizo, kipaimara, mbege, wageni wa kulala sebuleni. Ni baraka kubwa. Pumziko si mojawapo.

Kama pumziko halipumzishi

Ukifanya haya miezi miwili na bado unaamka umechoka, huna hamu ya chakula wala ya watu, unalia bila sababu au unaona afadhali usingekuwepo, nenda hospitali. Mawenzi ipo, KCMC ipo tangu 1971, na zahanati ya karibu inaweza kukupima damu, sukari na presha. Upungufu wa damu tu unaweza kumfanya mtu adhani ameachwa na Mungu. Sonona nayo ni ugonjwa, ina matibabu. Mwambie daktari na mwambie mchungaji, wote wawili. Na kama mawazo ya kujidhuru yameshaingia, usikae nayo usiku huu peke yako, mwamshe mtu.

Ukitaka kuanza wiki hii

Usianze na kikao cha familia wala tangazo. Ijumaa usiku chambua mahindi na maharage, yaloweke kwenye beseni. Jumamosi asubuhi yabandike jikoni kabla ya mambo mengine, yachemke taratibu ukiwa unafua, yakiiva uweke kitunguu na nazi, kisha uyaepue. Jumapili ukitoka ibada ya kwanza utakuta kazi iliyobaki ni kupasha.